Kwaheri Rocinante: kwa nini nimeacha kungoja sezoni ya saba ya The Expanse



Wiki mbili zimepita, mdogo wangu, mwenye kuwa mwaka wa kwanza ku unif, aliniuliza tena swali lake la kila siku: «Yaya, sezoni ya saba itatoka lini?» Tangu Januari 2022 nilikuwa namujibu jibu moja: «Itakuja, ngoja kidogo.» Siku ile nikamwambia: «Haitakuja. Ile seri ilikwisha.» Akaniangalia kama vile nimemutangazia kilio cha mtu wa jamaa. Kusema kweli, hata mimi nilisikia kitu mu tumbo. Donc naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine mu ukurasa huu wenye kuangalia seri usiku na kuuliza kesho yake kama kuna kuendelea. Nitaeleza ile seri ilikuwa nini, namna ilikufa mara mbili, na sababu gani mara ya pili nimekubali. Mwenye hajaiona anisamehe, nitagusa mwisho wake.

Bon. The Expanse ni seri ya Marekani, ilipigwa picha Toronto, kule Kanada. Ilianza mu Desemba 2015 ikakwisha tarehe 14 Januari 2022: sezoni 6, episodi 62. Inatoka mu vitabu vya James S. A. Corey. Lile ni jina la kalamu tu, nyuma yake kuko wanaume wawili, Daniel Abraham na Ty Franck. Hadithi iko mu karne ya 23. Watu wamesambaa mu anga, lakini ugomvi wao wameubeba pamoja nao. Dunia inaongozwa na Umoja wa Mataifa. Watu ni wengi mno, na wengi hawana kazi, wanaishi na posho ya serikali. Mars ni taifa la kijeshi, lenye nidhamu, na kila mtoto wa kule analelewa mu ndoto moja: kugeuza ile sayari kavu kuwa bustani, kazi ya vizazi na vizazi. Sehemu ya tatu ni Mkanda, yaani yale mawe makubwa kati ya Mars na Jupita, pamoja na miezi ya sayari za mbali. Kule wanachimba madini na barafu. Watu wa Mkanda wamezaliwa kule, wanachimba utajiri wenye kwenda kwa wengine, na wao wenyewe wananunua maji na hewa.

Mtu wa Lubumbashi hana lazima ya kuelezwa zaidi. Tulianza kuiangalia mu 2018, ku home, watu watano mbele ya kompyuta moja yenye betri mbovu. Episodi ya kwanza inaonyesha Canterbury, chombo kizee chenye kubeba barafu kutoka pete za Saturni, na wafanyakazi wake wenye kuchoka, mmoja amekatwa mkono ku kazi. Mwenzangu wa chumba, mwana wa Kolwezi, mtoto wa mchimbaji, akasema: «Aba ni batu ba kwetu.» Tulicheka. Hakuna mwenye alibisha.

Kilichotushika kwanza kilikuwa fizikia. Mu filamu nyingi za anga, watu wanatembea mu chombo kama wako ku Carrefour, hakuna mwenye kuuliza sababu gani hawaelei. Hapa hapana. Chombo kimejengwa kama nyumba ya gorofa, injini iko chini, na wakati injini inasukuma, sakafu inakuja kugonga miguu yako: ule ndio uzito wako. Ukizima injini, unaelea. Ukifika nusu ya njia, unageuza chombo, unaweka injini mbele na kuanza kufunga breki mpaka mwisho wa safari. Ujumbe wa kutoka Dunia kwenda Jupita haufiki mara moja, mwanga wenyewe unahitaji kati ya dakika 35 na 52 hivi, kufuatana na mahali sayari ziko. Mtu anasema «nakupenda» halafu anangoja zaidi ya saa moja kusikia jibu. Na watu wa Mkanda, kwa sababu wamekua bila uzito wa kutosha, wako warefu, mifupa yao laini. Mu mwanzo kabisa wanaonyesha mmoja wao ametundikwa duniani ili aulizwe maswali. Mateso yake ni mvuto wa Dunia tu, ule ule wenye sisi tunabeba kila siku bila kuusikia. Yaya wetu mmoja wa Polytech alisimamisha picha akatupigia hesabu ku ukuta na chaki. Mwenye kusimamia seri yenyewe, Naren Shankar, ana dokta ya fizikia kutoka Cornell. Inaonekana.

Kisha luga. Watu wa Mkanda wana kreoli yao, yenye kutengenezwa na mwanaluga mmoja, Nick Farmer, kwa kuchanganya maneno ya huku na huku. «Beltalowda» ni sisi wa Mkanda, «inyalowda» ni wale wa sayari za ndani, mabwana. Wanasema pia «sasa ke?», na mara ya kwanza tulipiga kelele zote, tukifikiri ni Kiswahili, kumbe «sasa» yao ni kujua, wanauliza kama umeelewa. Na wanasema na mikono, kwa sababu ukivaa nguo ya anga hakuna mwenye kuona kama umetikisa kichwa. Sisi wenye kuchanganya Kiswahili, Kifaransa na Kibemba mu sentensi moja, na kuambiwa tangu shule ya msingi kwamba luga yetu ni mbovu, tulisikia raha kuona kreoli inaandikiwa kanuni na kulipiwa mwalimu.

Lakini mimi ni mtu wa agronomia. Kilichonifunga kabisa ni sezoni ya pili, mu Ganymede.

Ganymede ni mwezi wa Jupita, mkubwa kupita sayari ya Merkuri. Ndio mwezi pekee wenye tunajua kwamba una uga wake wa sumaku, na waandishi walitumia ile: mu hadithi, akina mama wa Mkanda wanakwenda kuzaa kule kwa sababu kuna kinga kidogo, na kule ndiko mashamba yako, ndani ya mabanda ya vioo, na vioo vikubwa mu anga vya kurudisha mwanga wa jua. Ni gala la chakula la watu wote wa mbali. Vita inapiga pale, kioo kimoja kinaanguka juu ya mabanda. Mmoja wa wale wenye kupona ni Praxidike Meng, mtaalamu wa mimea, mu seri Prax tu. Hana bunduki, ana uoga, anatafuta binti yake. Huyu, wandugu, ni mtu wetu.

Kuko nafasi moja Prax anarudi Ganymede pamoja na watu wa Rocinante (ndicho chombo cha mashujaa, kimepewa jina la farasi wa Don Quijote). Watu wa kituo wanafikiri hatari imepita. Umeme unarudi, wanasafisha. Prax anaangalia majani ya mimea yenye kusafisha hewa, anaona rangi ya manjano mahali haifai kuwa. Anaeleza: kwa haraka, walitia mu mabomba maji safi kabisa, yasiyo na madini, mahali pa maji yenye chakula cha mimea. Jani linakosa klorofili. Jani lingine linafanya kazi ya mwenzake, linachoka pia. Hewa inapungua, wanasukuma kwa nguvu sehemu nyingine, ile nayo inavunjika. Kwake kituo kimekwisha kufa, ila watu bado hawajajua. Na anatoa sababu: shamba la kutengenezwa na mtu lina vipande vichache kuliko pori, donc kimoja kikianguka hakuna cha kukibadilisha, na bado vipande vile vimefungana kiasi kwamba huwezi kusema mbele kipi kitafuata kuanguka. Episodi yenyewe inaitwa «Cascade», maporomoko.

Niliruka kwenye kiti. Mwaka moja mbele, mu masika ya 2016-2017, nilikuwa na TFC yangu juu ya mahindi, viwanja 12 vidogo. Majani ya chini yakaanza kuwa manjano, kuanzia ncha, kufuata mshipa wa katikati, umbo la V. Majirani wote: «Ni jua.» Mimi pia nikasema jua, nikaleta maji, ndoo juu ya ndoo. Mwenye kuniongoza alikuja, akainama, hakuangalia mbingu hata kidogo. Aliniuliza: «Ni jani la chini ao la juu?» Ni swali la maana kupita yote. Azoti na magnezi vinatembea ndani ya mmea: vikikosekana, mmea unanyanganya majani mazee ili kulisha machanga, manjano inaanzia chini. Azoti inaleta ile V. Magnezi inaleta mistari kati ya mishipa. Chuma hakitembei, kikikosekana ni majani mapya ya juu yanapauka. Fosfori inaleta rangi ya zambarau, na mu udongo wetu mwekundu wenye uchachu, fosfori inaweza kuwa pale na mmea usiipate. Mimi nilikuwa naongeza maji, na maji yangu yalikuwa yanashukisha hata ile azoti kidogo yenye kubaki. Prax alinionyesha ujinga wangu mwenyewe mu skrini, na wenzangu wa chumba, wa droit na wa sciences sociales, kwa mara ya kwanza walinisikiliza nikieleza jani kwa dakika 20.

Sasa kifo cha kwanza. Tarehe 11 Mei 2018, Syfy, ile televisheni ya Marekani, ikatangaza kwamba haitaendelea kupita sezoni ya tatu. Wengi walifikiri ni kwa sababu seri haipendwi. Sivyo. Syfy ilikuwa na haki ndogo tu: kuonyesha episodi mara ya kwanza, mu televisheni, ndani ya Marekani. Donc watu wenye faida kwake ni wale wenye kukaa mbele ya televisheni saa ile ile. Mwenye kuangalia kesho yake ku intaneti, ao inchi nyingine, hakuiletea franga. Na sisi wa flashi, tusiseme hata. Nakubali, tuliipenda bure, na penzi la bure halilipi waigizaji. Washabiki wakakusanya sahihi zaidi ya 100,000, wakalipa hata ndege ndogo ya kuvuta kitambaa cha maombi juu ya ofisi za Amazon. Tarehe 25 Mei, Jeff Bezos alikuwa mu mkutano wa mambo ya anga Los Angeles, waigizaji wengine wakiwa mule mule, akatangaza kwamba seri imeokolewa. Sezoni tatu zingine zikatoka kwake.

Ule ulikuwa mwisho wa kukatwa. Hadithi ilikuwa mu mwendo, mtu akaja na makasi. Mwisho kama ule unaweza kuukataa, na walifanya vizuri kuukataa.

Mwisho wa 2022 ni wa namna nyingine. Vitabu viko 9, cha mwisho kilitoka Novemba 2021. Seri ilifika mpaka cha sita, na episodi ya mwisho imebeba jina la kile kitabu, Babylon's Ashes. Kati ya cha sita na cha saba, miaka karibu 30 inapita. Naomi, Amos, Holden wanakuwa wazee. Kwa mwandishi ni kurasa tupu tu. Kwa mtu wa filamu, ni kupaka rangi nyeupe mu nywele za kila mwigizaji, ao kuwabadilisha. Kama kuko mahali pa kusimama, ni pale. Hawakufunga kila mlango: kila episodi ya sezoni ya sita inafunguliwa na msichana mdogo mu sayari ya mbali, Laconia, na hadithi yake haifiki mwisho. Ile ndiyo ilinidanganya miaka yote. Nilisema, hawawezi kuacha mtoto pale. Lakini vita ya Marco Inaros, mwenye kuitupia Dunia mawe ya anga, imekwisha. Watu wa Mkanda wanapewa kwa mara ya kwanza kazi ya kusimamia njia zote za biashara. Holden anawekwa kuwa mkubwa wa ile kazi, na mara moja anaiacha mu mikono ya Drummer, mwanamuke wa Mkanda mwenyewe. Wenye kukaa mu Rocinante wanabaki wamekaa pamoja, wanajua kazi imefanywa. Waliaga.

Na ile kuaga ndiyo ilinikamata, kwa sababu mimi sikuaga.

Baada ya lisansi, mu 2019, nilipata kazi mu mradi moja wa mahindi, upande wa Kasenga. Sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na moto na kusadikisha watu waache mahindi yao ya zamani, ya punje ndogo na ngumu, wapande mbegu ya ibridi, pamoja na mbolea yenye mradi ulikopesha. Masika ya kwanza mavuno yalipanda kweli. Nilipiga picha, niliandika ripoti, watu waliniita ingénieur. Kilo za mahindi ya zamani zikalikwa, kwa sababu gani uzihifadhi? Kila mwenye kusoma agronomia anajua kwamba punje ya ibridi, ukiirudisha mu udongo mwaka wenye kufuata, haitoi tena vile vile: moja mrefu, moja mfupi, mavuno yanashuka. Tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunasema, si kitu, mradi utaleta mbegu kila mwaka.

Mu 2021 pesa ikakatwa. Tulipata barua, tukarudisha moto, basi. Hakuna mwenye alitumwa kule vijijini kusema kitu. Mvua ya Novemba ilianguka na watu walikuwa wanangoja gari. Nilijua wanangoja. Nilikaa Lubumbashi natafuta kazi, na usiku naangalia sezoni ya nne.

Sezoni ile, kama mnakumbuka, milango ya kwenda sayari nyingine zaidi ya elfu moja imefunguka, zenye hewa na maji tayari. Na mara moja ndoto ya Mars inakosa maana. Nani atangoje vizazi kwa bustani wakati kuko bustani upande wa pili? Bobbie, askari wa Mars, anarudi nyumbani na kukuta watu wenye kusoma maisha yote kwa ajili ya ile ndoto sasa wanafungua vyombo na kuuza vipande vyake kwa siri. Niliangalia na kusimamisha, nikaangalia tena. Nilijiona mimi ni mtu wa Mars, mwenye diploma ya mradi wenye kufungwa. Ni rahisi kujihurumia hivi. Nilichukua muda kuona kwamba mu hadithi yangu mimi nilikuwa pia yule mwenye kutia maji safi mu mabomba ya Ganymede, na kuondoka.

Nilirudi Kasenga mu Oktoba 2023, kwa franga zangu, nyuma ya lori ya samaki. Sikuwa na mbegu wala mradi. Nilikwenda kusema kwamba mradi ulikwisha mu 2021, kwamba hakuna gari lenye kuja, na kwamba nilijua na sikusema. Wazee walinisikiliza. Mmoja alicheka, akasema wao walijua toka masika ya kwanza, mtu mwenye kukaa kimya vile amekwisha kufa ao amefukuzwa. Mama mmoja hakucheka. Alikuwa kati ya wale wa kwanza kunisadiki, na alipanda ibridi miaka miwili ya kufuatana kutoka mu mavuno yake mwenyewe, akapata mahindi ya kila urefu, hayakutosha kufika Februari. Aliniuliza: «Ingénieur, ile mbegu yetu ya zamani iko wapi?» Nikamwambia sijui, mama. Akasema: «Basi tuitafute.»

Tuliipata kwa dada yake, ngambo ya Luapula, Zambia, mashuke 14 yenye kutundikwa juu ya moto mu jiko, meusi ya moshi. Tulipanda pamoja kiwanja kimoja, mbali na mashamba ya ibridi, maana chavua ya mahindi inabebwa na upepo. Masika ile mvua ilikuwa kidogo, na tulivuna kidogo. Sasa kuko jamaa sita wenye kuwa nayo. Si mradi. Hakuna ripoti.

Mu sezoni ya tatu Prax anamupata binti yake, na wanarudi Ganymede kusaidia kuijenga upya. Seri haituonyeshi mengi ya kazi yake kule. Mbele nilisikia hasira: mtu mzuri vile, wamemuacha njiani. Siku hizi naona hata wangemufuata, ingekuwa mtu mwenye kuinama juu ya majani, kila siku, na hakuna televisheni yenye kulipia ile.

Nimemupa mdogo wangu flashi. Nilimwambia avumilie episodi tatu za kwanza, giza ni mingi na majina ni mingi. Ya nne inafungua kila kitu. Aangalie na Kifaransa kama anataka, lakini kwa Drummer aweke sauti ya Kiingereza na maandishi chini, kwa sababu mu sauti ya kutafsiriwa kreoli yake inapotea. Asiruke sezoni ya pili. Na akifika Ganymede aniite, nitakuja kuketi.